Mwongozo kamili: kununua fahirisi ya kampuni ndogo za Marekani bila kubeba kitu kingine

Kila baada ya miezi michache natumiwa picha ya skrini ya simu yenye ujumbe wa aina moja: "Nimeshanunua zile kampuni ndogo, sasa nifanye nini?" Nikitazama, mara nyingi naona kitu kingine kabisa. Huyu amenunua hisa ya kampuni moja inayouzwa senti 80. Yule ameingia kwenye mfuko unaozidisha mwendo wa soko mara tatu. Mwingine amepata mfuko sahihi, ila ameutumbukizia ada ya shule ya Januari.

Wengi wao wamesoma sana kabla ya kubonyeza. Kosa lao ni kuanzia kwenye jina la mfuko, kumbe kazi inaanzia kwenye masharti ya fahirisi iliyo nyuma ya jina hilo. Fahirisi ni orodha ya kampuni yenye kanuni za nani aingie, nani atoke na nani apewe uzito gani. Ukishazielewa kanuni hizo, kununua ni kazi ya dakika kumi.

Nitashughulika na fahirisi mbili, Russell 2000 na S&P SmallCap 600, kwa sababu ndizo zenye mifuko mingi ya bei nafuu. Masoko ya hisa ya Nairobi na Dar es Salaam yana vitengo vya kampuni changa, lakini kampuni zilizomo humo ni chache mno kutengeneza fahirisi ya aina hii. Kwa hiyo anayeitaka atavuka bahari, kwa pesa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Akiba ya dharura ya miezi mitatu hadi sita, iwe benki au kwenye mfuko wa soko la fedha. Kama huna, funga ukurasa huu na uanzie hapo.
- Pesa usiyoihitaji kwa miaka kumi. Sababu yake iko Hatua ya 5, na ina tarehe.
- Pasipoti au kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi (PIN ya KRA, TIN ya TRA, au namba ya kodi ya nchi unakoishi) na uthibitisho wa anwani, kama taarifa ya benki ya miezi ya karibuni.
- Akaunti ya benki yenye jina lile lile lililo kwenye kitambulisho. Mawakala wa hisa hurudisha pesa zilizotoka kwa jina la mtu mwingine, hata awe mume au mke wako.
- Karatasi moja ya daftari. Utaandika maamuzi manne humo, na utayarudia soko litakapochafuka.

## Hatua ya 1: Tenganisha kampuni ndogo na hisa ya bei rahisi

Udogo wa kampuni hupimwa kwa thamani yake sokoni: bei ya hisa moja mara idadi ya hisa zote. Bei peke yake haikuambii chochote.

Chukua kampuni yenye hisa milioni 40, kila moja dola 50. Thamani yake ni dola bilioni 2. Kwa Marekani hiyo ni kampuni ndogo, ingawa kampuni nyingi zilizoko Soko la Hisa la Dar es Salaam hazifiki hapo. Sasa chukua nyingine yenye hisa bilioni 10, kila moja dola 4. Hiyo ina thamani ya dola bilioni 40, na haiingii kwenye orodha ya wadogo hata kidogo, japo hisa yake inauzwa bei ya sahani ya chipsi.

Onyo. Hisa za senti zinazosifiwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram ni jambo jingine. Nyingi haziko kwenye fahirisi yoyote unayoitafuta. Anayekuambia "nunua leo usiku, kesho inapaa" mara nyingi anatafuta wa kumuuzia zake.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumweleza mtu wa nyumbani kwako kwa nini hisa ya dola 50 inaweza kuwa ya kampuni ndogo kuliko hisa ya dola 4.

## Hatua ya 2: Soma masharti ya kuingia kwenye fahirisi

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa hiyo usipite haraka.

Russell 2000 hutengenezwa na FTSE Russell, iliyo chini ya London Stock Exchange Group. Kanuni yake ni ya kimashine. Wanapanga kampuni za Marekani kuanzia kubwa hadi ndogo na kuchukua 3,000. Elfu moja za juu zinaitwa Russell 1000, na elfu mbili zinazofuata ndizo Russell 2000. Kuna masharti madogo, kama bei ya hisa isipungue dola 1 na thamani ya kampuni isiwe chini ya dola milioni 30. Hakuna sharti la faida. Kampuni inayopata hasara mwaka hadi mwaka inaingia almuradi ukubwa wake unalingana.

Matokeo yake ni kwamba katika miaka ya karibuni takriban kampuni nne katika kila kumi za Russell 2000 zimekuwa hazina faida. Humo kuna kampuni nyingi za utafiti wa dawa ambazo hazijauza hata kidonge kimoja. Baadhi zitakuja kuokoa maisha ya watu na kutajirisha wenye hisa, nyingine zitaishia kuuza samani za ofisi.

S&P SmallCap 600 ina kampuni takriban 600, nazo huchaguliwa na kamati inayofuata kanuni zilizoandikwa. Kanuni iliyo muhimu kwetu ni hii: ili iingizwe, jumla ya faida ya kampuni kwa robo nne za mwaka zilizopita lazima iwe juu ya sifuri, na robo ya mwisho kabisa nayo iwe na faida. Ikishaingia haifukuzwi kwa hasara ya robo moja, lakini mlangoni imeshapepetwa.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye matokeo, na haiegemei upande mmoja kila mwaka. Mwaka 2022, riba ilipopanda, Russell 2000 ilipoteza takriban asilimia 20 na S&P 600 takriban 16. Mwaka 2020, kampuni zisizo na faida zilipokimbiliwa na kila mtu, Russell 2000 ilipata karibu asilimia 20 na S&P 600 ikapata takriban 11. Ukipima kipindi kizima tangu S&P 600 ianze mwaka 1994, yenye sharti la faida iko mbele.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: katika fahirisi hizi mshindi huondoka. Mwanzoni mwa 2024 kampuni iliyokuwa na uzito mkubwa kuliko zote ndani ya Russell 2000 ilikuwa Super Micro Computer, iliyopaa kwa sababu ya biashara ya kompyuta za akili bandia. Ilipofika Juni, siku ya kupanga orodha upya, ilihamishiwa Russell 1000. Mfuko wako uliuza. Kwa hiyo usitegemee fahirisi ya wadogo ikubebee jitu moja kwa miaka ishirini. Unanunua shamba la miche, na kila mche ukirefuka unahamishwa. Russell ilikuwa ikipanga orodha upya mara moja kwa mwaka, Juni, na kuanzia 2026 inafanya hivyo mara mbili, Juni na Novemba.

Kwa anayeanza, mimi nachagua S&P 600. Sababu yangu ni kwamba mgeni hana namna ya kuzichambua kampuni mia kadhaa zenye hasara, na sharti la faida linamfanyia sehemu ya kazi hiyo bila malipo. Ukitaka Russell 2000 kwa sababu unataka soko zima la wadogo, mabaya na mazuri, hiyo nayo ni sababu halali. Iandike.

Neno kwa Waislamu. Fahirisi zote mbili zina benki nyingi na kampuni zinazoishi kwa riba, na hakuna kati yake iliyochujwa kisharia. Watunga fahirisi wakubwa, S&P, MSCI na FTSE, wana matoleo yaliyochujwa. Tafuta mfuko unaofuata mojawapo na umwonyeshe mwanachuoni unayemwamini kabla ya kuendelea.

Andika kwenye karatasi, uamuzi wa kwanza: *fahirisi yangu ni ..., kwa sababu ...*

## Hatua ya 3: Tafuta mfuko unaofuata fahirisi hiyo na si nyingine

Fahirisi yenyewe hainunuliwi. Kinachonunuliwa ni mfuko unaoinakili, hasa ule unaouzwa sokoni kama hisa, ambao kila mtu anauita ETF. Kila mfuko una herufi zake za kuutambulisha, na jina la kampuni au chapa inayouendesha, kama iShares au Vanguard.

Kwa S&P SmallCap 600, mifuko iliyosajiliwa Marekani ni pamoja na IJR wa iShares, wenye ada ya asilimia 0.06 kwa mwaka, na SPSM wa SPDR, asilimia 0.03. Kwa Russell 2000 upo IWM wa iShares, asilimia 0.19, na VTWO wa Vanguard, ambao ni nafuu zaidi. Ada hubadilika, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya mfuko siku unayonunua.

Kwenye dola 10,000, asilimia 0.19 ni dola 19 kwa mwaka na asilimia 0.03 ni dola 3. Utashangaa kwamba IWM, ulio ghali zaidi, ndio maarufu zaidi. Unapendwa na wafanyabiashara wa muda mfupi kwa sababu unanunulika na kuuzika kwa wingi kila sekunde. Wewe unayekaa miaka kumi huhitaji sifa hiyo, basi usiilipie.

Onyo kubwa la mwongozo huu. Kuna mifuko yenye majina yanayofanana na haya ambayo ni hatari kwako. TNA, wa Direxion, hulenga kuzidisha mara tatu mwendo wa Russell 2000 wa *siku moja*. RWM, wa ProShares, huenda kinyume na fahirisi. Soma tena neno siku moja. Fahirisi ikiwa 100, ikashuka asilimia 10 leo na kupanda asilimia 11.1 kesho, inarudi 100. Mfuko wa mara tatu unashuka asilimia 30 hadi 70, kisha unapanda asilimia 33.3 na kufika takriban 93. Fahirisi imerudi nyumbani na wewe umebaki njiani, na hali hiyo hujirudia kila soko linapoyumba. Ukiona kwenye jina 2X, 3X, Bull, Bear, Short, Ultra au Daily, ondoka.

Fungua ukurasa wa mfuko na utazame mambo matatu. Kwanza, jina la fahirisi inayofuatwa lifanane neno kwa neno na lile la karatasi yako. Pili, idadi ya kampuni: mfuko wa S&P 600 utaonyesha mia sita na kitu, wa Russell 2000 utaonyesha karibu elfu mbili. Tatu, orodha ya kumi bora: kwa kawaida kila kampuni itakuwa na uzito wa asilimia 1 hivi au chini yake. Ukiona Apple au Microsoft hapo juu, umefungua mlango usio wako.

## Hatua ya 4: Angalia mfuko umesajiliwa nchi gani, maana kodi inatoka hapo

Mifuko miwili inaweza kufuata fahirisi ile ile, mmoja umesajiliwa Marekani na mwingine Ireland, na kodi zikawa tofauti kabisa. Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu.

Kama unaishi Kenya, Tanzania, Uganda au nchi nyingine isiyo na mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa) linalotoka kwenye mfuko wa Marekani hukatwa asilimia 30 kabla halijakufikia. Faida ya kuuza hisa kwa kawaida haikatwi na Marekani kwa asiye mkazi wake. Mfuko wa Ireland, kwa upande wake, hukatwa asilimia 15 kwa ndani kwa sababu Ireland ina mkataba, halafu wewe hukatwi tena huko.

Watu husikia hivyo wakakimbilia Ireland. Tupige hesabu kwanza. Tuseme gawio ni asilimia 1.4 kwa mwaka. Namba zote hapa chini ni asilimia kwa mwaka.

SPSM wa Marekani: ada 0.03, kodi ya gawio 0.42, jumla 0.45.
Mfuko wa S&P 600 wa iShares uliosajiliwa Ireland, herufi IDP6 kwa dola kwenye soko la London: ada 0.30, kodi 0.21, jumla 0.51.

Gharama za kila mwaka zinakaribiana sana, na wa Marekani una nafuu kidogo. Faida kubwa ya Ireland iko kwenye mirathi. Mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani akifariki akiwa na mali za Marekani zinazozidi dola 60,000, na mifuko iliyosajiliwa kule imo, kinachozidi kinaweza kutozwa kodi ya mirathi inayopanda hadi asilimia 40. Warithi watahangaika na fomu za Washington wakati bado wako msibani. Hisa za mfuko wa Ireland hazihesabiwi humo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kama hutarajii kukaribia dola 60,000, mfuko wa Marekani ni sawa. Kama unapanga kujenga kwa miaka mingi, anza na wa Ireland tangu mwanzo. Kwa Russell 2000 toleo la Ireland ni R2US wa SPDR, ambao haugawi gawio bali hulirudisha ndani ya mfuko.

Kama unaishi Marekani au una green card, geuza ushauri huo kichwa chini. Usiguse mfuko wa Ireland. Sheria za Marekani huuhesabu kuwa kampuni ya kigeni ya uwekezaji, na kodi yake ni kali pamoja na makaratasi ya kuchosha. Nunua IJR au SPSM, na kama una kipato cha kazi uweke ndani ya Roth IRA, akaunti ya akiba ya uzeeni, ambayo kwa mwaka 2025 iliruhusu hadi dola 7,000 kwa walio chini ya miaka 50. Tazama pia orodha ya mifuko ya 401(k), mpango wa akiba ya uzeeni wa kazini kwako, huenda fahirisi ya kampuni ndogo imo tayari.

Kama unaishi Umoja wa Ulaya au Uingereza, wakala wako huenda asikuruhusu kununua ETF za Marekani kwa sababu hazina waraka wa maelezo unaotakiwa na sheria. Tumia za Ireland.

Popote ulipo, mamlaka ya kodi ya nchi unakoishi ina neno lake juu ya gawio na faida. Tanzania humtoza mkazi kwa mapato ya duniani kote. Muulize mhasibu sasa, kabla hujapata cha kuulizia.

## Hatua ya 5: Amua kiasi, na uone miaka minne ilivyo mirefu

Kama tayari una mfuko wa soko zima la Marekani, tayari una kampuni ndogo humo. Ila sehemu yao ni ndogo: kampuni zote elfu mbili za Russell 2000 zikijumlishwa hazifiki asilimia 10 ya thamani ya zile 3,000. Unachoamua hapa ni nyongeza juu ya hiyo.

Mimi huwaambia watu asilimia 10 hadi 20 ya pesa yao ya hisa, na iliyobaki iwe kwenye soko pana. Anayeweka zote kwenye kampuni ndogo anabeba mzigo ambao wengi huutua katikati ya njia, na huutua kwa hasara.

Uzito wa mzigo huo uko hivi. Kati ya Februari na Machi 2020, kwa mwezi mmoja tu, Russell 2000 ilishuka takriban asilimia 40. Hiyo ilipona haraka. Iliyofuata ilikuwa ya kuchosha: fahirisi ilifunga kwenye kilele Novemba 2021, na kwa bei, bila kuhesabu gawio, haikufunga juu ya kilele kile hadi Septemba 2025. Karibu miaka minne. Wakati huo huo kampuni kubwa, zile za fahirisi ya S&P 500, zilikuwa zinapepea. Mwaka 2023 S&P 500 ilipata takriban asilimia 26 na Russell 2000 takriban 17. Mwaka 2024 ilikuwa takriban 25 dhidi ya 11.5.

Sababu mojawapo ni madeni. Kampuni ndogo hukopa kwa riba inayopanda na kushuka zaidi kuliko kampuni kubwa, ambazo hufunga riba kwa miaka mingi. Benki Kuu ya Marekani ilipopandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023, wadogo ndio walioumia. Ukijua hilo, hutashangaa kuona mfuko wako ukiruka siku ya tangazo la riba.

Halafu kuna shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa takriban shilingi 160 za Kenya, na katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Aliyenunua dola kwa 160 alipoteza karibu asilimia 19 kwa hesabu ya shilingi, hata kama mfuko haukusogea. Ndiyo maana nasema nunua kidogo kidogo kwa miaka, usibadilishe akiba yote siku moja.

Andika uamuzi wa pili, *asilimia ngapi*, na wa tatu, *sitagusa kabla ya mwaka gani*.

## Hatua ya 6: Fungua akaunti na utume pesa

Tafuta wakala wa hisa, yaani broka, anayekubali wakazi wa nchi yako na anayefika masoko ya Marekani, na London pia kama umechagua Ireland. Wa Marekani mkague kwenye BrokerCheck, tovuti ya FINRA, msimamizi wa mawakala wa kule. Wa nyumbani mkague kwenye orodha ya msimamizi wa masoko ya mitaji, yaani CMA Kenya au CMSA Tanzania. Jina lisipoonekana, usitume hata senti, hata kama ofisi yake ina viyoyozi.

Wakala aliye mwanachama wa SIPC, shirika la Marekani linalowalinda wateja wa mawakala, akifilisika, mali zako hulindwa hadi dola 500,000, zikiwemo fedha taslimu hadi 250,000. Ulinzi huo hauhusu bei kushuka.

Utapewa fomu ya W-8BEN kama wewe si mkazi wa Marekani kikodi. Ijaze kwa uangalifu, jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Inadumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini. Ikiisha bila kusainiwa upya, wakala anaweza kulazimika kukata sehemu ya mauzo yako yenyewe, mbali na gawio.

Kuhusu kutuma: Kenya ilifuta sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni mwaka 1995, kwa hiyo benki itakuuliza tu chanzo cha pesa. Tanzania bado ina kanuni zinazosimamiwa na Benki Kuu juu ya wakazi kuwekeza nje, basi iulize benki yako kwa maandishi *kabla* ya kufungua akaunti. Nimewaona watu waliofungua kila kitu, pesa ikakwama dirishani.

Gharama ya kutuma ndiyo huua wawekezaji wadogo kimyakimya. Kama benki inakutoza dola 35 kila mara, ukituma dola 100 kwa mwezi umeanza na hasara ya asilimia 35. Kusanya, utume dola 1,000 mara moja, na hasara inakuwa asilimia 3.5. Ni afadhali pesa ikae miezi kadhaa kwenye mfuko wa soko la fedha nyumbani ikichuma riba, kuliko kuilisha benki.

## Hatua ya 7: Weka oda

Oda yangu ya kwanza niliiweka soko lilipofunguliwa tu, kwa aina ya oda inayonunua kwa bei yoyote iliyopo. Nilipata bei mbaya kuliko iliyokuwepo dakika ishirini baadaye. Kampuni ndogo zina wanunuzi na wauzaji wachache, na asubuhi ya soko pengo kati ya bei zao ni pana. Pengo hilo huingia hata kwenye bei ya mfuko.

Fanya hivi:

1. Subiri soko lichangamke. New York hufunguliwa saa 10:30 jioni na kufungwa saa 5 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Miezi ya baridi yao ni saa 11:30 jioni hadi saa 6 usiku. Acha nusu saa ya kwanza ipite.
2. Kama mfuko wako uko London, nunua wakati masoko yote mawili yako wazi: saa 11 hadi saa 12 jioni kipindi cha joto lao, saa 12 hadi saa 1 jioni kipindi cha baridi. Wakati huo anayepanga bei London anaziona bei halisi za kampuni zenyewe.
3. Andika herufi za mfuko, kisha soma jina kamili linalotokea. Linganisha na karatasi.
4. Chagua oda ya Limit, yaani unayotaja bei ya juu kabisa utakayolipa. Weka bei ile ambayo muuzaji anaitaka wakati huo. Usiweke chini sana ukisubiri bahati.
5. Kagua sarafu. Mfuko mmoja wa London unaweza kuuzwa kwa dola na kwa pauni chini ya herufi tofauti. Ukichagua pauni utalipia kubadilisha pesa mara mbili.
6. Hakikisha hakuna alama ya mkopo, ile iitwayo Margin. Akaunti yako iwe ya pesa taslimu.

Umefaulu ukiona oda imekamilika, na kwenye orodha ya mali zako kuna jina moja la mfuko, idadi ya hisa ulizonunua na salio la fedha lisilo na alama ya kutoa mbele yake.

## Hatua ya 8: Funga programu, uifungue kwa ratiba

Andika uamuzi wa nne: *nitaongeza pesa mwezi gani na mwezi gani*. Mara mbili au nne kwa mwaka inatosha. Ukinunua tarehe uliyojipangia, bei ikiwa chini utapata hisa nyingi, ikiwa juu utapata chache, na hutahitaji kubashiri.

Ondoa arifa za bei kwenye simu. Hili si pambo: wengi waliouza Machi 2020 waliuza wakiwa kitandani, simu mkononi.

Mara moja kwa mwaka, Januari, kaa mezani na ile karatasi ufanye haya. Linganisha mapato ya mfuko na ya fahirisi yake kwenye ripoti ya mwaka. Tofauti iwe karibu na ada, na ikiwa kubwa zaidi kwa miaka miwili mfululizo, tafuta mfuko mwingine wa fahirisi ile ile. Pima asilimia uliyoiandika: kama ulisema 15 na sasa ni 22, pesa mpya ya mwaka huo ielekeze kwenye soko pana, kama imeshuka hadi 10, ielekeze kwa wadogo. Wa nje ya Marekani wenye mifuko ya kule, chukua fomu ya 1042-S kutoka kwa wakala, inaonyesha gawio na kodi iliyokatwa, na uihifadhi kwa ajili ya mhasibu. Tazama W-8BEN inaisha lini.

Mwisho, mwonyeshe mwenzi wako au mtoto mkubwa mahali karatasi ilipo, jina la wakala na namba ya akaunti. Neno la siri libaki kwako, lakini wajue akaunti ipo.